Msumari wa Swalehe Mpendu

Zilikuwa zimebaki saa nne eda yangu iishe, nesi Eliwaza akagonga mlango. Aligonga kwa kiganja kizima, nikajua hakuja kunijulia hali.

"Shikamoo, mama. Naomba utoke twende."

"Marahaba. Nitoke niende wapi, mwanangu? Eda inaisha saa sita."

"Hiyo saa sita ndiyo iliyonileta." Alishusha kitambaa cha vumbi kikabaki shingoni. "Ni mtoto wa Mwasiti, yule wa kwenye sanduku la pumzi. Ikifika saa sita sanduku litamkatia hewa."

"Limeharibika?"

"Halina hata ufa. Fundi Mrutu anasema litakata kwa sababu saa sita mtoto atakuwa maiti."

Nilimtazama vizuri. Eliwaza ni mlokole, mzaha haujui, na siku hiyo midomo ilikuwa imemkauka.

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Atakuwa maiti kwenye orodha, mama. Kwa Msomaji. Amepewa jina la marehemu mzee wako, wewe unajua. Na kidole kinachofungua Ubao ni chako peke yako."

Nikajitanda shuka yangu nyeupe. Nikasema moyoni, Mola wangu, siku hizi umeziweka wewe, na dharura umeiumba wewe. Nikatoka.

Nje jua lilikuwa jekundu kwa vumbi, kama linavyokuwa Irangwa kila asubuhi tangu mvua zilipotuhama. Bi Kondo, jirani yangu, alikuwa anafagia kibaraza. Aliponiona alisimamisha ufagio.

"He! Mwantumu! Miezi minne umestahimili, nusu siku imekushinda?"

"Nakwenda kwa mgonjwa."

"Kwa mgonjwa, na wanja machoni?"

"Sijapaka kitu, Kondo. Macho yangu ndivyo yalivyo."

"Ndivyo yalivyomponza Swalehe wa watu," akasema, akaacha ufagio palepale akatufuata. Kondo hawezi kuona mtu anakimbia akabaki nyumbani.

*

Mwasiti alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono mmoja ameuingiza kwenye tundu la sanduku, kidole chake kimeshikwa na mwanawe. Mtoto yule alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, siku mia moja baada ya mume wangu kuzikwa, na kimo chake hakikuzidi mkate wa kumimina. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa hewa ya sanduku. Kiwambo cha ndani kilipuliza, naye akavuta. Peke yake alikuwa hajaweza.

"Shikamoo, mama," akasema Mwasiti bila kugeuka. "Nisamehe. Ningejua nisingempa jina hili."

"Jina halina kosa, binti yangu. Tulia."

Jina lile alilitoa kwa shukrani. Mume wangu ndiye aliyemfundisha kusoma, yeye na nusu ya mji. Na kwetu Irangwa anayemrithi mtu jina hapewi kipande, hupewa lote, la kwake na la babaye. Kwa hiyo kilo moja na robo ile ya mtoto iliitwa Swalehe Mpendu.

Fundi Mrutu alikuwa mbele ya Msomaji, mashine inayogawa maji, dawa na hewa mji mzima. Alikuja kutoka milimani kushika kazi ya mume wangu alipofariki, ana vyeti vya kujaza sanduku la nguo. Siku hiyo shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Karibu, bi mkubwa. Tazama mwenyewe."

Akaandika, nami nikasoma. Maneno ya Msomaji yote hukaa ndani ya mabano, bano ndani ya bano, kama sufuria zinavyopangwa kabatini.

(YULEYULE (ALIYEMO SANDUKU) (ALAMA SWALEHE-MPENDU))

Kioo kikajibu: NDIYO.

Nilikaa chini. Miaka kumi na mmoja nimetunza Ubao, na jibu lile nililielewa kabla Mrutu hajafungua mdomo.

Lakini Bi Kondo alikuwa mlangoni, na Kondo hakubali kutoelewa. "Ndiyo nini? Mnasomeana nini humo? Majina si yanafanana, mlitaka aseme hapana?"

"Hajasema yanafanana," nikamwambia. "Msomaji halinganishi majina, Kondo. Hana muda wa kusoma herufi moja moja. Ana Ubao. Ubao una misumari, kila jina na msumari wake, na kila msumari umetundikwa alama moja. Mambo yote ya mtu yamefungwa kwenye ile alama. Ukimletea jina kwenye karatasi, hulipeleka kwenye msumari wake. Akikuta alama, anaichukua hiyohiyo. Akikuta mtupu, anatundika mpya. Sasa ukimuuliza kama watu wawili ni yuleyule, anachoangalia ni kama vidole viwili vinaelekea alama moja. Basi."

"Na hapa vinaelekea alama moja."

"Ya mume wangu."

Kondo akajishika mdomo.

"Mbona mwanzo haikuwa hivyo?" akauliza Mwasiti. "Mwezi mzima yumo humu na hakuna aliyesema kitu."

Mrutu akakuna kidevu. Nilimwona anatafuta namna ya kulisema lisimuume, halafu akaamua liume. "Ni mimi. Marehemu alijua desturi yenu ya majina, akaacha ujanja wake mzuri tu. Kila mtoto wa jina la kurithi Msomaji alimtengenezea alama isiyotundikwa. Ina jina lilelile, lakini haipo kwenye msumari wowote, imekabidhiwa sanduku mkono kwa mkono. Juzi radi ilipopiga, droo ya watoto wachanga ikawa inaungua. Nikaichapa orodha yote kwenye karatasi upesi, nikaisomesha upya kwenye droo nyingine. Nikajiona shujaa."

"Na karatasi haina msumari," nikasema.

"Karatasi ina jina tu. Wote wanne wakapelekwa kwenye misumari ya wazee wao. Wale watatu wazee wao wako hai, nitawatengeneza taratibu. Huyu ndiye..."

Irangwa mume haandikwi kwenye orodha ya marehemu mpaka mkewe atoke eda, ili mgao wa maji wa nyumba usipunguzwe mjane akiwa ndani. Amri ya kumwandika hutengenezwa siku ya maziko, hufungwa, na hujifungua yenyewe saa ile eda inapokwisha. Hakuna wa kuizuia. Wajane walikuwa wakilia wakaongezewa siku, wengine mwaka mzima, na kila kopo walilopewa lilitoka kwenye mtungi wa mwenzao. Ndipo amri zikafungwa. Na sanduku la pumzi huuliza swali moja tu kila saa inapogonga: aliyemo ndani yumo kwenye orodha ya marehemu?

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na robo.

"Mtoeni basi!" Kondo akapiga kelele. "Mtoeni, tumpulizie kwa mdomo!"

"Tulijaribu jana kumwachia dakika mbili apumue mwenyewe," Eliwaza akasema polepole. "Aligeuka bluu."

*

Mrutu alijaribu kwanza alichokijua. "Tumbadilishe jina," akasema. "Mama mtoto, nipe jina lolote."

"Abdi," Mwasiti akasema haraka. "Hata Jiwe, andika Jiwe."

Mrutu akaandika Abdi. Kioo kikakubali. Sanduku likaandika juu ya kifuniko: ABDI. Mwasiti akaanza kucheka na kulia pamoja.

"Ngoja, mwanangu," nikasema. "Fundi, uliza tena."

Akauliza tena kama aliyemo sandukuni ni yuleyule na mume wangu. NDIYO. Akafungua kumbukumbu za mume wangu, zile hesabu zake za darasani alizozirekodi kwa sauti, na juu yake palikuwa pameandikwa Abdi.

"Umemvalisha kanzu nyingine," nikasema. "Aliyevaa hajabadilika. Na mume wangu sasa anaitwa Abdi."

Mrutu akalirudisha jina upesi, masikio yamemwiva. "Yule mzee alizitengenezaje zile alama zisizotundikwa? Nimetafuta kila droo."

"Zilifunguliwa kwa kidole chake. Kidole chake kiko udongoni."

Kiwambo kilipuliza, mtoto akavuta.

"Iko njia moja," Mrutu akasema mwishoni, hakunitazama. "Kuing'oa alama ya mzee kutoka kwenye msumari wake. Msumari ukibaki mtupu, tunausomea upya ule mstari wa mtoto. Msomaji hatakuta mtu, atatundika alama mpya. Mtoto atakuwa mtoto."

"Na mzee?" Kondo akauliza.

"Mzee atabaki hewani. Na ikigonga saa, Msomaji hupitisha ufagio. Alama isiyotundikwa na isiyoshikwa na orodha yoyote, hufagiwa. Na vyote vilivyofungwa kwake."

Sauti yake, basi. Masomo yake mia mbili na kitu. Asubuhi za eda nilikuwa nafungua moja, lile la kugawanya, si kwa sababu nilitaka kugawanya.

"Hashikwi na chochote?" nikauliza.

"Amri ile iliyofungwa, labda. Kama siku ya maziko ilishika alama yenyewe, basi ndiyo itakayombeba mpaka kwenye orodha ya marehemu, na ufagio hautamgusa. Lakini kama imeandikwa jina tu, bi mkubwa, jina litaenda kwenye msumari, na kwenye msumari litamkuta mtoto. Hapo tutakuwa tumempoteza mzee, na mtoto tusimpate."

"Ichungulie."

"Haichunguliki. Imefungwa."

Nikafumba macho nikairudia siku ile. Maji ya kuoshea, kafuri, sanda imekatwa, na mtu wa ofisi kasimama nje ya pazia na kibao chake cha kusomea. Alikipitisha kwa mkono chini ya pazia. Hakuniuliza jina la marehemu. Aliniambia, mama, naomba kidole chake. Nikakishika mimi, nikakibandika.

"Ilishika alama," nikasema.

"Una hakika?"

"Nilikishika mimi hicho kidole, fundi. Kilikuwa cha baridi."

Mrutu akainamisha kichwa. "Basi ni kidole chako sasa. Kung'oa ni kwa mtunza Ubao tu."

Na hapo ndipo palipokuwa na shida yangu, kubwa kuliko ufagio. Siku niliyokabidhiwa Ubao niliapa msikitini, mkono juu ya Msahafu, kwamba sitagusa alama ya mume, mtoto wala ndugu yangu wa damu. Aliyekuwepo kabla yangu alikuwa akiwaongezea nduguze maji, na watu wawili wa mtaa wa chini walikufa kwa kiu huku orodha ikionyesha wamekunywa. Kiapo kile ndicho kilichorudisha watu kuuamini Ubao. Mjane akionekana anaingiza mkono kwenye alama ya mumewe saa ya mwisho ya eda, nani atasema alikuwa anaokoa mtoto? Kesho mwingine atasema, na mimi nina mtoto.

"Nenda ukamuulize imamu," Eliwaza akasema.

"Imamu yuko kisima cha mbali tangu jana. Kwa punda ni kutwa nzima."

Mwasiti aligeuka kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Mama, sikulazimishi. Najua uliapa, nilikuwepo, nilikuwa msichana nimekaa safu ya nyuma. Lakini kama hutaki, niambie sasa hivi, nimtoe humu nimpakate. Asife ndani ya kioo."

Nikaomba maji, nikatawadha, nikaswali rakaa mbili pembeni ya kabati la dawa. Sikuona ndoto wala sikusikia sauti. Niliposujudu nilichosikia ni kile kiwambo tu, kinapuliza, kinapuliza. Nikatoa salamu nikasimama.

Kiapo kina kafara yake: kulisha masikini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Mtoto hana kafara.

"Eliwaza, fungua milango yote," nikasema. "Walio kwenye mabenchi ya wagonjwa waite waingie. Na wewe Kondo, usisimame mlangoni kama mdai. Njoo mbele."

"Mimi tena? Nimefanya nini?"

"Una mdomo ambao mji mzima unausikia. Leo nautaka."

*

Waliingia kama watu ishirini, wengine na kikohozi chao, mmoja mguu umefungwa mbao. Nikawaeleza bila kuficha. Kwamba niliapa. Kwamba sasa nakivunja kiapo mbele yao, mchana kweupe, na sababu yake ni huyu hapa. Kwamba sichukui tone la maji, na karatasi ya kila nitakachogusa itabandikwa ukutani. Na kwamba nikimaliza, Ubao apewe mwingine, kwa sababu mtu aliyevunja kiapo mara moja, hata kwa haki, asiachiwe achague mara ya pili.

Yule wa mguu akasema, "Fanya, mama. Tunaona."

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Nikasema Bismillahi, nikaweka kidole.

(NG'OA SWALEHE-MPENDU)

Kioo kikaniuliza kama nina hakika. Mashine nayo! Nikabonyeza tena. Msumari ukabaki mtupu.

"Nimemshika mzee pembeni," Mrutu akasema, vidole vinakimbia. "Namshika mpaka saa igonge. Ikigonga Msomaji huniachisha mikono. Sasa mstari wa mtoto." Akaweka ile karatasi ya juzi, mstari mmoja tu, akausomesha. Msomaji akalichukua jina, akaenda kwenye msumari, hakukuta mtu. Taa ndogo juu ya sanduku ikazimika, na watu wote ishirini wakavuta pumzi pamoja, ikawaka tena.

"Uliza," nikasema.

Akaandika, akiwaweka wote wawili ndani ya bano moja: aliyemo sandukuni, na aliyemshika pembeni. Majina yao kwenye kioo yalikuwa yaleyale, herufi kwa herufi, huwezi kuyatofautisha hata kwa miwani. Je, yuleyule?

HAPANA.

Sijapata kuona neno zuri kama lile. Kondo alipiga kigelegele, Eliwaza akamziba mdomo. "Bado, bado! Saa haijagonga!"

Dakika kumi na tano zile sitaki kuzieleza. Mwasiti aliutoa mkono kwenye tundu akafungua kibwebwe chake, akatandika kanga mapajani, tayari kumpokea. Mimi nilihesabu tasbihi, na kila nilipofika mwisho nilianza upya nisijue nimesema nini.

Saa sita ikagonga. Mrutu akanyanyua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyewekewa bunduki. "Nimemwachia."

Amri iliyofungwa ikajifungua. Kwenye kioo orodha ya marehemu ikaongezeka mstari mmoja chini: SWALEHE MPENDU. Hapohapo sanduku likauliza swali lake. Kiwambo kikasimama.

Nilimtazama Mwasiti, naye ananitazama.

Kikapuliza.

Mtoto akavuta. Kikapuliza tena, akavuta tena, na yule wa mguu akahesabu kwa sauti mpaka ikafika pumzi ya kumi.

"Mzee je?" nikauliza.

Mrutu akamfungua yule wa mwisho kwenye orodha ya marehemu. Yalikuwemo yote. Tarehe ya ndoa yetu, kisima alichoshuhudia kikichimbwa, masomo mia mbili na kumi na nne. Ufagio ulipita ukamkuta ameshikwa. Hakuna jina litakalompeleka mtu kwake tena kwenye Ubao ule, lakini yeye mwenyewe yupo, mahali pake, pamoja na waliotangulia. Jina limeachiwa aliye hai. Nikasema Alhamdulillahi, ndipo machozi yaliyonigomea tangu maziko yakaja bila kuitwa, na Kondo akanipokea kifuani bila utani hata mmoja.

"Eda imekwisha, shoga yangu," akaninong'oneza. "Lia tu."

Mrutu alikuwa bado ameinama kwenye kioo. "Njooni muone alama ya huyu bwana mdogo," akasema. "Haina kitu kabisa. Jina, basi. Sijawahi kuona alama nyeupe namna hii."

Tukasogea, mimi na Mwasiti na Eliwaza, vichwa vimegusana. Ilikuwa kweli. Chini ya jina palikuwa wazi, hakuna uzito, hakuna ugonjwa, hakuna tarehe. Tulipokuwa tukitazama, sanduku likalia mlio mfupi, na mstari wa kwanza ukajiandika wenyewe mbele yetu:

SAA SITA NA DAKIKA NANE. AMELOWA.

Mwasiti akaikunja ile kanga mara mbili, akaenda kumbadilisha mwanawe nepi.